Mashine ya Salfa: Tuirekebishe, Tusiichonge

(Mazungumzo na wakulima wa korosho wa Mkotokuyana, Nachingwea)

Leo tunataka tuongee habari ya mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, ile ya kubeba mgongoni. Tunaongea mapema, kabla mikorosho haijatoa maua, maana ubwiriunga hausubiri mtu atoke kwa fundi. Maua machanga yakishikwa, yanakauka, na mnadani huna cha kupeleka.

Tumesikia kwamba vijana wanazifungua injini hizi nyumbani. Wanachukua tupa, wanapanua matundu ya silinda, ati mashine irushe salfa mpaka kileleni. Wanasema ni maarifa ya watu wa pikipiki. Maarifa hayo yapo kweli, siyo uongo. Basi tuyatazame.

Injini hii ni ya mipigo miwili. Pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imekamilika na moto unawaka tena. Bodaboda nyingi za siku hizi ni za mipigo minne: pistoni inapanda na kushuka mara mbili ndipo moto unawaka mara moja. Vespa za zamani zilikuwa za mipigo miwili, kama mashine yako ya salfa.

Ubavuni mwa silinda kuna matundu, na pistoni yenyewe ndiyo mlango. Inaposhuka inafungua kwanza tundu la moshi, halafu tundu la kuingizia hewa mpya yenye petroli. Hewa hiyo hupitia chini, kwenye krankishafti, kabla ya kupanda juu. Kwa hiyo chini hapawezi kuwekwa oili ya kukaa, ndiyo maana tunaichanganya na petroli.

Sasa ukilichonga tundu la moshi kwa juu, linafunguka mapema. Injini ikizunguka kwa kasi sana, inapumua vizuri zaidi. Ikizunguka polepole, nguvu inatoroka na moshi kabla haijafanya kazi. Katika miaka ya 1950 fundi wa Ujerumani Mashariki, Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, alilijua jambo hili kuliko wengi. Alitengeneza bomba la moshi lenye tumbo nene, lililorudisha msukumo wa moshi na kuzuia hewa mpya isipotee nje. Mwaka 1961 injini yake ndogo ya mashindano, ya sentimita za ujazo 125, ilifikia nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alikimbilia Magharibi akiwa na maarifa hayo kichwani. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki ndogo kabisa, akiendesha Suzuki.

Lakini Kaaden alikuwa na vyombo vya kupimia, tena alichonga silinda na kutengeneza bomba vikilingana. Wewe una tupa na macho. Ukipanua tundu kupita kiasi, ringi inachomoza ndani ya tundu, inakwama, inavunjika. Hapo silinda imekwisha, na msimu umekwisha.

Na kuna jambo jingine ambalo vijana hawalipigii hesabu. Mashine hii inazungusha feni, na feni ni mzigo wa ajabu. Ukitaka izunguke kwa kasi iliyozidi robo tu, unahitaji nguvu karibu mara mbili. Tupa haitakupa nguvu hiyo. Salfa kufika kileleni kunategemea zaidi alfajiri isiyo na upepo, bomba lisilovuja, na matawi yaliyopunguzwa.

Haya, nguvu iliyopotea hurudishwaje? Mara nyingi mashine haikuzaliwa dhaifu, imeziba. Anza na kichujio cha hewa, maana vumbi la salfa hujaa humo. Kisha ondoa bomba la moshi. Ukiona masizi magumu, vuta kamba polepole mpaka pistoni ifunike tundu, halafu kwangua kwa kijiti cha mwanzi. Usitumie msumari wala bisibisi. Pulizia masizi yote yatoke kabla hujafunga.

Halafu oili. Soma kibandiko cha mashine yako. Kusoma tunajua sasa. Kikisema 25 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili, na lita tano zinataka mililita 200. Kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa lita. Pima kwa chupa yenye alama, siyo kwa kifuniko cha soda. Iwe oili ya injini ya mipigo miwili, siyo ya gari. Wengine huongeza oili wakidhani wanailinda injini. Oili ikizidi sana, masizi yanaongezeka, na petroli inayofika kwenye moto inapungua.

Kabureta usiiguse mpaka hayo yote yamekwisha na injini imepata moto. Zungusha skrubu robo mzunguko tu, sikiliza, ngoja. Kwenye mashine nyingine kukaza kunazidisha petroli, nyingine kunapunguza, kwa hiyo usifuate ya jirani. Ifanyishe kazi kidogo, izime, ipoe, kisha fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye mafuta, petroli au oili imezidi. Nyeupe ni hatari: petroli ni chache, injini inaungua, na pistoni inaweza kutoboka. Mashine iliyo karibu kuungua huweza kulia vizuri kwa dakika chache, ikamdanganya mwenyewe.

Na moto, ndugu zetu! Vumbi la salfa huwaka. Usitie petroli injini ikiwa moto, wala mtu asivute sigara karibu. Funika pua na mdomo.

Msimu ukiisha, toa salfa yote, maana ikipata unyevu inakula chuma. Mwaga petroli, washa mashine mpaka ijizime. Ikishapoa, fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili tunduni, vuta kamba polepole mara mbili, rudisha plagi. Iweke juu ya kichanja, mbali na jiko.