JIWE LISILO NA MAANDISHI NI KOKOTO TU

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mkwajuni



Nimeombwa nieleze kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, yaani kutunza ramani na ripoti za miamba. Wengi huniuliza: karatasi kuukuu zamfaa nini mtu wa Mkwajuni anayetafuta dhahabu?

Idara ya Jiolojia ilianza Dodoma mwaka 1925. Siku hizi kazi yake inafanywa huko huko na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, kwa kifupi GST. Humo mnatunzwa ramani, ripoti za watafiti na sampuli za miamba. Nchi yote imegawanywa katika vipande vya ramani zaidi ya 300, kila kimoja kikiwa na upande wa kilometa 55 hivi.

Sasa turudi kwetu. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922. Kwanza watu waliosha mchanga wa mito, kisha wakaufuata mwamba chini ya ardhi. Mgodi wa New Saza, hapa jirani, ulikuwa wa pili kwa dhahabu katika Tanganyika nzima kati ya mwaka 1939 na 1956. Wenyewe wakaondoka, mashimo yakabaki.

Leo kijana anaweza kuchimba duara lake hatua chache tu kutoka shimo la zamani asilolijua. Shimo hilo likiwa limejaa maji, na ukuta wa katikati ukawa mwembamba, maji yatamfikia kabla hajaushika kamba. Matimba hayazuii maji. Ramani ya mgodi ndiyo inayoonyesha shimo lilielekea wapi na lilifika kina gani. Ikipotea, hakuna wa kumwuliza, maana waliochimba wamekwisha kufa.

Nitoe mfano mwingine wa mkoa wetu. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna. Vipande vilivyookotwa havikutimia hata kilo moja. Vikatunzwa, na mahali na tarehe vikaandikwa. Mwaka 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za vumbi na vijiwe kutoka katika jiwe la angani liitwalo Ryugu. Wataalamu walipovichunguza walikuta vinafanana mno na mawe ya jamii ya Ivuna. Walioliokota jiwe lile mwaka 1938 wasingeweza kuota jambo hilo. Wao walitunza tu, nasi tumefaidi.

Basi nina maombi mawili. Wazee wenzangu, katika masanduku yetu huenda zimo daftari na michoro ya baba zetu waliofanya kazi migodini. Msiwashie moto, wala msifungie vitumbua. Nakala moja ikae katika maktaba ya shule, nyingine ipelekwe Dodoma.

Nanyi vijana, mkiokota jiwe, andikeni siku hiyo hiyo: limetoka wapi, lini, na kina gani. Mkichimba duara, lichoreni. Atakayekuja kuchimba jirani baada ya miaka 50 hatawajua majina, lakini mchoro huo utamrudisha nyumbani akiwa mzima.