Shuka Melini, Safari Inaendelea

Masomo: Matendo ya Mitume 20:13-14, Mathayo 4:5-7



Fungueni Matendo 20. Wenzake Paulo wanapanda meli kule Troa, lakini yeye hapandi. Anawaagiza wakampakie Aso, naye anakwenda kwa nchi kavu. Luka hasemi kwa nini. Hasemi kwamba Paulo aliogopa bahari, wala kwamba imani yake ilipungua. Anasema tu kwamba walikutana Aso, wakampakia, wakaendelea mpaka Mitulene. Safari moja, njia mbili.

Sisi watu wa Lualaba tungepaswa kulielewa neno hili kuliko wengine wote. Mto wetu ni mkubwa, lakini haupitiki wote kwa meli. Chini ya Kongolo unabanwa katikati ya miamba, upana wake unabaki kama mita 100 tu, na kutoka hapo ni maporomoko na mawe. Wazungu walipapa mahali hapo jina la Milango ya Kuzimu. Basi ikajengwa reli. Kwanza ile ya Kisangani mpaka Ubundu, kilomita 125, iliyofunguliwa 1906, kuyakwepa maporomoko ya huko. Kisha ile ya Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, iliyomalizika 1910. Msafiri aliyetoka Kisangani alipanda treni, akashuka Ubundu akapanda meli, akashuka Kindu akapanda treni tena kupitia Kibombo na Samba, halafu Kongolo akarudi majini kuelekea Bukama. Kila mara mizigo inashushwa na kupakiwa upya. Ilichosha, na wapagazi ndio waliochoka zaidi, jambo ambalo vitabu vinalipita haraka. Lakini watu walifika.

Hata huko Panama, ambako meli kubwa zinapita kwenye mfereji uliochimbwa na kufunguliwa 1914, reli ilitangulia, ilimalizika 1855. Mpaka leo wako watalii wanaoshuka melini, wanapanda treni inayokwenda kando ya mfereji ule, na wengine wanarudi kwa basi. Hakuna anayewaambia kwamba wameikana meli.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wa vikundi vya maombi.

Kuna mama mjamzito aliyepasuliwa uzazi uliopita. Ana kovu kwenye tumbo la uzazi. Wauguzi wamemwambia azalie hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa sababu uchungu ukikaza, kovu lile linaweza kupasuka, damu ikamwagikia ndani, na mama na mtoto wakafa kabla pikipiki haijapatikana. Anakuja kwenye maombi, na mtu mmoja anamwambia: “Dada, kisu ni cha wasioamini. Milango ya kuzimu haikuwezi. Zalia nyumbani kwa imani.”

Ndugu, neno hilo lina sauti ya imani, lakini Bwana wetu alikwisha kulisikia kabla yetu. Shetani alimpandisha juu ya hekalu, akamwambia ajitupe, na akatumia Zaburi kumshawishi. Yesu hakuruka. Alijibu kwamba Mungu hajaribiwi. Angalieni: aliyekuwa na andiko mdomoni siku ile ni mjaribu!

Ahadi ya Mathayo 16:18 ni kweli, nami ninaihubiri. Lakini Yesu aliwapa kanisa lake ahadi hiyo; hakumpa mvuvi ruhusa ya kuingiza mtumbwi kwenye maporomoko. Mvuvi wa Lualaba anayejua mto hasemi, “Nitapita, mimi ni mwana wa Mungu.” Anaufunga mtumbwi, anashuka, anatembea kando. Hatumwiti mwoga. Tunamwita mtu mwenye akili, na watoto wake wanamwona jioni.

Mtaniuliza: Mungu hawezi kumvusha mama huyo nyumbani? Anaweza. Nimeona akiponya, na sitaacha kuweka mikono juu ya wagonjwa. Lakini Mungu aliye Bwana wa meli ni Bwana wa reli pia. Daktari aliyeamka saa nane za usiku kumpasua mama wa Kanisa hakuchukua utukufu wa mtu yeyote.

Na wewe uliyesema neno lile, mama akifa, nani atawalea wale wawili waliobaki? Wewe? Nauliza kwa upendo, lakini nauliza.

Kwa hiyo wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama, tusimwambie mtu “nenda hospitali” kisha tukamwacha peke yake. Kutoka vijiji vya Kabambare mpaka Kasongo si karibu, na barabara wakati wa mvua mnaijua. Mama mwenye kovu asingoje uchungu ndipo atafute njia. Mwezi wa nane ukiisha, aje akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali; asiye na ndugu, apokelewe na mshiriki. Sadaka ya pili ya Jumapili ijayo tuitenge kwa ajili ya nauli ya pikipiki. Wa kikundi cha maombi, wawili kati yenu mfuatane naye. Ombeni njiani, ombeni mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na mleteni habari kwa mumewe mara mtoto akilia.