Kamba ya Ng'ombe na Hesabu Yake



Ng'ombe wangu alipopungua maziwa, nilimkaripia kijana anayemtunza, nusura nimwachishe kazi. Kumbe kosa lilikuwa langu: mimi ndiye niliyepigilia kigingi ndani ya pembe ya ua.

Natufanye hesabu. Kamba ikiwa ya meta 7 na kigingi kiwe katikati ya uwanja, ng'ombe huzunguka duara zima. Zidisha 7 kwa 7, kisha kwa 22, ugawanye kwa 7: hupata malisho ya meta za mraba 154. Kigingi kikiwa kando ya ua ulionyooka, hupata nusu, yaani 77. Katika pembe ya ndani hupata robo tu, 38 na nusu. Na kamba ni ile ile! Lakini kwenye pembe ya nje ya banda la mraba, ambalo kila ukuta wake haupungui meta 7, hupata robo tatu.

Tena, urefu wa kamba ukizidi mara mbili, malisho huzidi mara nne. Basi tuipime, isifike kwenye mahindi ya jirani.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana yule nimekwisha kumtaka radhi.