Mwezi Unaotapika Moto



Kila mkaaji wa pwani, toka Lamu mpaka Vanga, ajua kwamba bahari hujaa na kupwa, na kwamba sababu yake kubwa ni mvuto wa mwezi. Lakini si wengi wajuao kwamba mvuto wa namna hiyo hiyo waweza kuyeyusha hata mawe.

Mnamo Januari 1610, Galileo wa Italia aliona kwa darubini miezi minne iizungukayo sayari kubwa ya Mshtarii. Mmoja wao huitwa Io. Ukubwa wake wakaribia kuwa sawa na wa mwezi wetu, ambao ulikwisha poa zamani, na hata leo ungali na makovu ya vimondo vilivyoupiga. Kwa hivyo wengi walidhani kwamba Io nao ni jiwe baridi, lenye mashimo tele.

Tarehe 2 Machi 1979 wataalamu watatu wa Marekani, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, walitangaza hesabu iliyopinga fikira hiyo. Mshtarii, yenye uzito zaidi ya mara 300 ya ule wa Dunia, huuvuta Io kwa nguvu nyingi. Tena miezi jirani, Europa na Ganymede, huuzuia kushika njia ya duara kamili. Mara hukaribia Mshtarii, mara husogea mbali kidogo. Basi mwili wake hunyoshwa na kulegezwa katika kila mzunguko, nao mzunguko mmoja hautimizi siku mbili. Mtu akikunja waya huku na huku upesi upesi, pale penye kunjo hupata moto. Ndivyo yapatavyo moto mawe ya Io.

Siku tatu baadaye chombo cha Voyager 1 kilipita karibu na mwezi huo. Tarehe 8 Machi, Linda Morabito, akichunguza picha moja ili kuhakikisha njia ya chombo, aliona wingu ukingoni mwa Io. Lilikuwa gesi na vumbi la volkano, lililopanda zaidi ya maili 150. Tangu hapo volkano zaidi ya 400 zimehesabiwa. Wala mashimo ya vimondo hayaonekani, kwani uji wa mawe huyafukia upesi.

Europa nao hunyoshwa vivyo hivyo, na wataalamu huamini kwamba chini ya barafu yake imo bahari. Chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatazamiwa kufika huko mwaka 2030 ili kuchunguza kama mahali hapo pafaa kwa uhai.