Usiku Tatu za Kwanza: Kwa Nini Upandikizaji wa Tishu Huru Uanzie Wodini

Mjadala wa upandikizaji wa tishu huru katika hospitali zetu za rufaa huanza karibu kila mara na hadubini: nani anayo, inauzwa bei gani, mfadhili yupi atainunua. Mada hii inashikilia kwamba hapo sipo pa kuanzia. Kipande cha tishu kilichohamishwa hupona au kufa kwa kutegemea sana saa zinazofuata mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji, na siku zilizopita kabla hajaingia. Kwa hiyo hospitali inayotaka kuanzisha huduma hii ipange kwanza zamu za usiku za wauguzi na njia ya rufaa. Hadubini ifuate.

Tukumbushane kazi yenyewe. Daktari hukata kipande cha ngozi, msuli au mfupa pamoja na ateri na vena zinazokilisha, akakitenganisha kabisa na mwili, akakipeleka penye pengo na kukiunganisha na mishipa ya huko. Mishipa hiyo aghalabu ina kipenyo cha milimita 1 hadi 3. Kupandikiza ngozi nyembamba peke yake hakuwezi kufanya kazi hii, kwa sababu ngozi hiyo huishi kwa damu ya kidonda inapolazwa, na mfupa ulio wazi uliopoteza utando wake hauna damu ya kuigawia. Ufundi wa kushona mishipa si mgeni. Alexis Carrel alionyesha njia yake mwaka 1902. Mwaka 1960, Jacobson na Suarez wa Vermont walishona mishipa midogo kwa msaada wa hadubini. Mwaka 1973, Daniel na Taylor wa Melbourne walitoa taarifa ya kuhamisha ngozi ya kinena hadi mguuni. Yang Guofan wa China akaleta kipande cha kigasha mwaka 1981, na Hidalgo wa New York akaeleza mwaka 1989 jinsi ya kujenga taya kwa mfupa wa fibula. Huu ni ufundi unaofundishika, na sasa una zaidi ya nusu karne.

Ushahidi wa kwanza wa hoja yangu unahusu hadubini yenyewe. Mwaka 1995, Serletti na wenzake nchini Marekani walilinganisha vipande vilivyoshonwa kwa hadubini na vilivyoshonwa kwa miwani ya kukuzia. Matokeo yalikaribiana, ingawa kwa watoto na mishipa midogo sana hadubini ilibaki kuwa chaguo bora. Ushahidi wa pili unatoka Memorial Sloan-Kettering ya New York, ambako Bui na wenzake mwaka 2007 walichapisha mapitio ya vipande 1,193. Vilivyopona ni asilimia 98.8. Hata hivyo, katika hospitali hiyo yenye kila kifaa, wagonjwa wapatao asilimia 6 ilibidi warudishwe chumba cha upasuaji. Kwa zaidi kidogo ya nusu yao, mishipa ilikuwa imeziba. Kwa wengine wengi damu iliyovuja ilikuwa imekusanyika chini ya kipande. Palipoziba vena, vipande 71 katika kila 100 viliokolewa. Palipoziba ateri, 40. Kila kilichookolewa kiliokolewa kwa sababu kuna mtu aliyekiangalia, akatambua hatari, akaita, na akaitikiwa. Ukiondoa mnyororo huo, mikono ile ile na hadubini ile ile ingekuwa na vifo vya vipande vingi zaidi.

Sababu yake iko katika mwili. Mishipa huziba zaidi katika saa 72 za kwanza, na msuli uliokosa damu katika joto la mwili hauvumilii zaidi ya saa 6 hivi. Muda huo ukipita, hata mshipa mkubwa ukifunguliwa, mishipa midogo ya ndani huwa imevimba na kujaa madonge ya damu, na damu haipiti tena. Vena ikiziba, kipande huvimba, hukaza, hugeuka rangi ya zambarau, na kikidungwa sindano hutoa damu nyeusi upesi. Ateri ikiziba, hupoa, hulegea, na sindano haitoi kitu. Hapa lipo jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja: picha nyingi katika vitabu vya kufundishia zinaonyesha ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi, badiliko la rangi huchelewa kuonekana. Muuguzi wetu lazima afundishwe kutegemea joto, ugumu wa kipande, damu ya sindano na sauti ya dopla ya mkononi, na afanye hivyo kila saa katika siku ya kwanza.

Ushahidi wa tatu unahusu siku za kabla. Marko Godina wa Ljubljana alichambua wagonjwa 532 waliojeruhiwa viungo, matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Waliofanyiwa upasuaji ndani ya saa 72 walipoteza vipande kwa asilimia 0.75 tu; waliofanyiwa kati ya saa 72 na miezi 3 walipoteza asilimia 12. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa usafishaji mzuri na kifaa cha kufyonza majimaji ya kidonda vinaweza kurefusha muda huo, lakini hakuna kinachofuta madhara ya kidonda kilichooza wiki tatu katika hospitali ya wilaya kabla daktari bingwa hajaarifiwa.

Pingamizi la kwanza husema huduma hii ni anasa kwa nchi zetu, na kwamba vipande vya jirani vinatosha. Pingamizi hili lina ukweli. Jeraha la theluthi ya juu ya muundi hufunikwa vizuri kwa msuli wa kigimbi, la katikati kwa msuli wa soleo, na palipo na njia hiyo nyepesi ndiyo itangulie. Lakini theluthi ya chini haina msuli wa kutosha wa kugeuza, na majeruhi wa bodaboda huumia hapo mara nyingi. Aliyeondolewa taya lote kwa uvimbe wa ameloblastoma naye hana jirani wa kumpa mfupa wa aina hiyo. Kuhusu gharama, utafiti mkubwa wa Marekani juu ya miguu iliyovunjika vibaya ulikadiria kuwa aliyekatwa mguu hugharimu takriban mara 3 ya aliyeokolewa katika maisha yake yote, kwa sababu mguu wa bandia hubadilishwa tena na tena. Ni kweli pia kwamba utafiti huo ulikuta uwezo wa kutembea na kufanya kazi ukilingana baada ya miaka miwili. Lakini wagonjwa wale walipata miguu bora ya bandia na mafundi wa kuirekebisha. Mkulima wa mlimani asiye na fundi karibu hawezi kupimwa kwa mizani hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wauguzi ni wachache, na usiku muuguzi mmoja huhudumia wodi nzima. Ndiyo maana napendekeza mpango mdogo unaowezekana. Vitengwe vitanda viwili karibu na meza ya muuguzi. Upasuaji upangwe siku zile tu ambazo usiku tatu zinazofuata zina muuguzi aliyefundishwa. Muuguzi huyo apewe mamlaka ya kumwita daktari mpasuaji moja kwa moja, bila kupitia ngazi tatu. Vifaa vya kielektroniki vya kusikiliza mshipa havitatuondolea wajibu huu, kwani kengele isiyo na mtu wa kuiitikia haiokoi kitu. Tahadhari hii inazihusu pia kambi za madaktari wageni: mgeni huondoka na hadubini yake, wodi inabaki na mgonjwa. Hospitali ya CoRSU iliyo karibu na Entebbe, Uganda, imefanya upasuaji huu na kuchapisha hadharani mapitio ya miaka 6 ya matokeo yake pamoja na changamoto zake. Hospitali zetu nazo ziandike kila kipande, saa kilipoanza kubadilika, na saa mgonjwa aliporudishwa mezani.

Basi kila hospitali inayoomba hadubini iulizwe maswali matatu kabla ya kupewa: nani atamwangalia mgonjwa saa tisa usiku, chumba cha upasuaji kitafunguliwa ndani ya muda gani, na wilaya zake humpigia nani simu siku ya kwanza ya ajali. Yenye majibu itafaidika na hadubini tangu wiki ya kwanza. Isiyo nayo ipewe kwanza mafunzo ya wauguzi, kwa sababu mgonjwa anayekatwa mfupa wa mguu ili ajengewe taya, kisha taya lenyewe likafa kwa kukosa wa kulitazama, ametiwa jeraha la pili bila faida, na hilo hatuna haki ya kulifanya.