Dola 12 na Miaka ya Kusubiri

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana mjini Garissa, mwezi wa Ramadhan, baada ya Swala ya Alasiri)



  Najua saa hii koo ni kavu na kila mtu anahesabu dakika za Magharibi, kwa hiyo sitawachosha.

Mada yangu ni haki ndogo ndogo. Ile haki ambayo mtu akinyimwa anasema, "Achana nayo, ni shilingi hamsini tu." Sasa mimi nauliza: hamsini ya mtu mmoja ni ndogo, sawa. Na hamsini ya watu milioni moja? Hiyo ni shilingi milioni 50, na iko kwenye mfuko wa mtu mmoja. Si ni kweli?

Wacha nianze mbali, halafu turudi hapa kwetu.

DVD mnazikumbuka. Hata sisi wa umri mdogo tulizikuta. Mtu anaenda dukani, anakodi filamu, anaangalia na jamaa zake nyumbani, kesho anarudisha. Kule Marekani biashara hiyo ilikuwa kubwa sana. Netflix, ambayo leo watu wanaijua kwa filamu za intaneti, ilianza kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta. Unalipa kila mwezi, unaletewa diski nyumbani, ukimaliza unairudisha kwa bahasha. Kampuni ya maduka ya Walmart nayo ilikuwa na huduma kama hiyo. Lakini Mei 2005 Walmart ikatangaza kwamba inaacha kukodisha, na wateja wake wakaelekezwa kwa Netflix.

Mwaka 2009 wateja wakaenda mahakamani California. Walidai kwamba kampuni hizo mbili zilielewana kugawana soko, na kwa kuwa mshindani ameondoka, Netflix iliweza kuwatoza bei ya juu. Sasa fikirieni: hasara ya kila mteja ilikuwa dola chache. Nani atamlipa wakili kwa ajili ya dola chache? Hakuna. Ndiyo maana sheria yao inaruhusu kesi ya pamoja. Watu wachache wanasimama kwa niaba ya wote walioguswa na jambo lile lile.

Mwaka 2011 Walmart ikakubali kulipa dola milioni 27.25 ili yaishe, bila kukiri kosa. Netflix ilikataa kusuluhisha, ikaendelea na kesi na ikashinda. Kwa hiyo pesa ya fidia ilikuwa ya Walmart peke yake.

Mtu atasema basi, wamelipwa. Subiri! Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Zaidi ya watu milioni 35 walitumiwa barua pepe kuambiwa wana haki ya kudai. Waliojaza fomu ni karibu milioni 1.2 tu. Machi 2012 jaji akaidhinisha makubaliano, lakini baadhi ya wateja wenyewe wakakata rufaa. Walilalamika kwamba mawakili wanachukua robo nzima, yaani kama dola milioni 6.8. Pia walilalamika juu ya kadi za kununulia bidhaa kwenye tovuti ya Walmart, kwamba hizo si pesa, ni kuponi tu.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 2001 kampuni ya Blockbuster, iliyokuwa ikikodisha kaseti za video, ilimaliza kesi nyingi juu ya faini za kuchelewesha kaseti. Mawakili walipata dola milioni 9.25 taslimu. Wateja walipewa kuponi. Yaani mtu aliyedai kutozwa isivyo haki anaambiwa fidia yako ni kurudi dukani kwetu ukakodi tena. Fidia gani hiyo?

Katika kesi ya Walmart, Mahakama ya Rufaa iliamua Februari 2015 kwamba kadi zile zinakubalika, kwa sababu zinanunua bidhaa yoyote kwenye tovuti hiyo, na aliyetaka pesa taslimu alikuwa na nafasi ya kuomba. Baada ya hapo ndipo malipo yakaweza kutoka: kama dola 12 kwa kila mtu. Kwa bei ya dola ya wakati ule ni kama shilingi 1,100. Tangu kesi ifunguliwe, miaka sita. Tangu jambo lenyewe litokee, miaka kumi.

Kuna atakayecheka, ati miaka kumi kwa dola 12! Lakini pigeni hesabu. Kama wote milioni 35 wangejaza fomu, hata dola moja kila mtu asingepata. Wale milioni 1.2 walipata kwa sababu wengine walisema "achana nayo". Na pia, ile milioni 27.25 ilitoka mfukoni mwa kampuni. Kampuni inayofuata itafikiri mara mbili.

Sasa turudi nyumbani. Sisi watu wa Garissa, Wajir na Mandera, jambo la kudai kwa pamoja si geni kwetu. Mtu akiuawa, wazee wanakaa chini ya mti, na diya inadaiwa na jamaa wote na kulipwa na jamaa wote. Ngamia mia hawatoki kwenye zizi la mtu mmoja. Huyu anatoa, yule anaongeza, na mara nyingine inachukua miezi na miezi, na wazee hawachoki kufuatilia. Lakini tukija kwenye mambo ya dukani, kila mtu anabaki peke yake na hasara yake, kimya.

Nawapa mfano. Mwaka 2015 Kenya ilipozima mitambo ya analogi, mwenye runinga ilibidi atafute king'amuzi. Abti yangu alinunua kimoja. Wiki chache tu, kikafa. Akarudi dukani, akaonyeshwa maneno yaliyochapwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Akanyamaza. Jirani naye chake kilikuwa kimekufa, naye akanyamaza. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Yale maneno ya chini ya risiti si sheria. Wale waliosoma fiqhi madrasa wanaukumbuka mlango wa biashara: aliyenunua kitu akakuta kina kasoro iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha. Na katika madhehebu yetu ya Shafi anatakiwa asichelewe kusema. Ukikaa nacho ukikitumia, umeridhika nacho. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi pale haki kama hizi zinapovunjwa. Na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inasema mnunuzi anaweza kujiunga na kesi ya pamoja hata kama mkataba aliotia sahihi unamkataza.

Sitawadanganya kwamba njia ni fupi. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha betri kuukuu, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahakama Julai 2020. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Jambo lao ni zito kuliko DVD, ni afya na maisha ya watoto, na bado walizungushwa hivyo. Lakini wangekuwa mmoja mmoja, nani angewasikia?

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, weka risiti. Zile za karatasi laini zinafutika kwa joto letu hili, kwa hiyo ipige picha kwa simu siku ile ile. Ujumbe wa malipo usiufute. Bila ushahidi madai yako ni hadithi tu.

Pili, uliza mwenzako. Ukikatwa pesa usiyoielewa au ukiuziwa kitu kibovu, uliza darasani, uliza msikitini, uliza sokoni Mugdi. Mkijikuta kumi, andikeni barua moja yenye majina kumi. Barua ya watu kumi haiwekwi chini ya meza kirahisi.

Tatu, kuwa mkweli. Fidia ikitangazwa, usijaze fomu kwa kitu ambacho hukununua. Mfuko ni mmoja. Dola utakayochukua kwa uongo imetoka kwa aliyedhulumiwa kweli, na hapo wewe umekuwa kama yule mliyemshtaki.

Tumeambiwa tusubiri, na mwezi huu unatufundisha subira. Lakini hata saumu ina saa yake ya kufungua. Anayesubiri haki yake aweke tarehe, aulize, aandike, arudi tena kuuliza. Kukaa kimya mpaka watu wasahau hakuitwi subira.

Ni hayo tu. Nikiwa nimepatia ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu.