Omba, Lakini Usiachie Kasia

Leo naomba tuanze mazungumzo yetu ndani ya mtumbwi.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana, nilitumwa katika kisiwa cha Bumbire kuwafundisha watoto waliokuwa wakijiandaa kwa kipaimara. Kwa wale ambao hawajafika huko, Bumbire ni kisiwa cha Ziwa Victoria, upande wa Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Watu wake wanaishi kwa ziwa. Sangara na dagaa ndio shamba lao, na njia yao ya kwenda sokoni, hospitali au msibani ni maji.

Siku hiyo tulikuwa abiria kama kumi na watano, pamoja na magunia ya chumvi, mikungu ya ndizi na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Tulipofika mahali ambapo bara inaonekana ndogo na kisiwa nacho bado kidogo, injini ikazima. Nahodha akavuta kamba mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Kimya. Upepo ukageuka, mawimbi yakaanza kuturushia maji ndani. Yakatolewa makasia manne, wakapewa watu wanne, na mimi nikawa mmoja wao.

Lakini mimi nilikuwa mtu wa dini. Nilifanya lile nililoamini kuwa ndiyo kazi yangu. Niliweka kasia chini, nikafumba macho, nikapaza sauti. Niliomba kwa nguvu zote. Nilimkumbusha Bwana jinsi alivyoamka katika chombo cha wanafunzi wake akaukemea upepo. Nilikuwa nimefika katikati ya sala hiyo niliposikia kitu kigumu kikiwekwa mapajani mwangu. Kufumbua macho, nikaona ni lile kasia, na nyuma yake uso wa nahodha, mzee mwenye mvi.

"Mwalimu," akaniambia kwa heshima zote, maana huko mtu wa dini huitwa mwalimu hata akiwa kijana, "usiache kuomba. Lakini omba huku unapiga kasia. Upande wako ndio unaotuzungusha."

Nikatazama. Kweli tulikuwa tukizunguka mahali pamoja. Watu watatu walikuwa wakivuta kwa jasho, na mtumbwi hauendi, kwa sababu kasia la nne lilikuwa limelala chini ya miguu ya mtu anayesali.

Ndugu wasikilizaji, tangu siku hiyo nimehubiri mara nyingi, lakini sijawahi kupata mahubiri mafupi na mazito kama yale ya yule mzee. Hakuidharau sala. Hakusema kwamba Mungu hasikii. Alisema tu kwamba kuomba kwangu hakukuniondolea zamu yangu ya kuvuta.

Hata Biblia inatufundisha hivyo. Someni habari za Nehemia alipokuwa akijenga upya ukuta wa Yerusalemu. Maadui walipotishia kuwashambulia, watu walimwomba Mungu wao, na papo hapo wakaweka walinzi usiku na mchana. Hawakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Sala iliwapa moyo, na walinzi wakafanya kazi ambayo moyo ule uliwatuma kuifanya.

Kisiwa hichohicho cha Bumbire kina habari nyingine ya makasia, ambayo imeandikwa katika historia. Mwezi Aprili 1875 msafiri Henry Morton Stanley alikuwa Buganda kwa Kabaka Mutesa. Walizungumza sana juu ya dini, na tarehe 14 ya mwezi huo Stanley aliandika barua ya kuwaita wamisionari waje Buganda. Barua ile ilichapishwa London mwezi Novemba mwaka huohuo, na wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Mutesa mwaka 1877.

Lakini wiki mbili tu baada ya tarehe ya barua hiyo, yaani 28 Aprili 1875, Stanley alifika Bumbire akitafuta chakula. Wenyeji hawakumjua mgeni huyu wala nia yake, nao wakamnyang'anya makasia. Yeye na watu wake wakaponyoka huku wakipiga risasi na kuua, wakang'oa mbao za mashua yao wakazifanya makasia. Yangeishia hapo, tungesema ni hofu ya pande mbili. Hayakuishia hapo. Tarehe 4 Agosti alirudi na mitumbwi mingi na bunduki nyingi, akawapiga risasi watu wa kisiwa waliokuwa wamesimama ufukoni. Kwa maandishi yake mwenyewe, makumi ya watu waliuawa na wengine zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Habari hizo zilipofika Uingereza, hata huko walikuwapo watu waliozilaani.

Sisemi haya ili tumhukumu marehemu. Nayasema kwa sababu mkono ulioandika barua ya kuita Injili ndio huohuo ulioongoza bunduki. Na mimi na wewe je? Mkono unaoshika kitabu cha sala siku ya Jumapili, Jumatatu unashika nini? Kwetu Kagera tunaijua butura, ile biashara ya kununua kahawa ya mkulima ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mwenye shamba ana mgonjwa au anadaiwa ada. Anayemlalia mjane namna hiyo huenda ndiye anayeimba kwa sauti kubwa kanisani. Mjini nako ziko butura za namna nyingine: faili ambalo haliendi mpaka litiwe mafuta, mizani iliyochezewa, mfanyakazi wa ndani asiyelipwa mshahara wake miezi mitatu na huku kila jioni anaitwa sebuleni kusali na familia. Sala ya nyumba hiyo inazunguka mahali pamoja kama mtumbwi wetu.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na huko Kagera hapakuwa na kata ambayo haikuguswa na kilio. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba watu wale hawakuomba? Mimi naamini waliomba, Wakristo kwa Waislamu, kuliko walivyowahi kuomba maishani mwao. Lakini meli ilikuwa imebeba watu kuliko uwezo wake. Sala ya abiria haikuwekwa ili ichukue nafasi ya kazi ya mtu anayehesabu abiria. Mhesabu abiria anapofanya kazi yake kwa uaminifu, hata kama hafungui kinywa, anawaombea watu wote waliomo melini.

Wewe unayenisikiliza unaweza kuwa ndiye mhesabu abiria mahali fulani. Wewe fundi unayekaza nati za breki za basi, wewe nesi wa zamu ya usiku, wewe karani unayetunza stakabadhi za ushirika, wewe mwalimu mwenye watoto themanini darasani. Yupo mtu asiyekujua aliyepiga magoti asubuhi ya leo akamwomba Mungu amfikishe salama, na jibu la sala yake limewekwa mikononi mwako.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Kumi na tisa walifariki dunia na 24 wakaokolewa. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alieleza baadaye kwamba alitumia kasia kusaidia kuufungua mlango wa nyuma, kisha akaingia majini kujaribu kuwasaidia marubani, akaumia hata kupoteza fahamu. Serikali ilimzawadia na kumpa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nilipozisikia habari zile nilimkumbuka mzee wangu wa Bumbire. Ilikuwa saa ya ibada. Makanisani watu walikuwa wanaimba, na walikuwa wanafanya vema. Ziwani wako vijana waliokuwa na makasia mikononi, nao makasia yao yakawa ibada.

Lakini msikilizaji mmoja ataniuliza: na wale kumi na tisa? Na wale wa mwaka 1996? Ndugu yangu, swali hilo niliwahi kuulizwa uso kwa uso, na sitaki kulikwepa.

Mwaka wa pili wa kazi yangu kisiwani, mvuvi mmoja alikwenda kuvua dagaa usiku wa giza, akapigwa na dhoruba, hakurudi. Mwili haukupatikana. Jioni ile, kabla hajaondoka, nilikuwa nimepita nyumbani kwake tukasali pamoja, yeye, mkewe na watoto. Siku ya nne nilikwenda kumpa pole mjane. Alinitazama akasema, "Mwalimu, tuliomba pamoja. Ile sala yetu ilikwenda wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyasoma vitabuni. Yote yakanikauka kooni. Sikuwa na jibu siku ile, na nawaambieni kweli, hata leo sina. Anayedai kwamba anajua kwa nini mmoja aliokoka na mwingine akazama, mwogopeni.

Tulikaa kimya. Kisha mawingu yakaanza kukusanyika, na dagaa wake walikuwa wameanikwa ufukoni, mali pekee iliyobaki nyumbani mle. Akainuka, nami nikainuka. Tukaanza kukusanya dagaa, yeye upande huu, mimi upande ule, mbio mbio kabla mvua haijashuka. Tulipomaliza, tukiwa tumelowa, akasema taratibu, "Leo umenisalia vizuri, mwalimu." Sikuwa nimesema neno hata moja.

Mama yule sikumwona akifanya muujiza. Nilimwona akiamka kila alfajiri kabla ya jogoo, akisimama mlangoni kulitazama ziwa lile lililomchukulia mume, na kusema sala fupi mno. Siku moja nilimwuliza huwa anaomba nini. Akanijibu, "Namwambia Bwana: leo nionyeshe la kufanya. Halafu nalifanya." Jioni aliwakusanya watoto, akawauliza kila mmoja amefanya nini, wakashukuru kwa hilo, wakalala. Kwa utaratibu huo, siku moja baada ya nyingine, alilipa madeni ya nyavu, na watoto wakasoma.

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu tunasubiri Mungu atufunulie mpango wa maisha yetu yote, na kwa kuwa haufunuliwi, tunakaa. Miaka inapita tukisema, "Bado naomba." Mama wa Bumbire aliomba la siku moja, akapewa la siku moja. Wahenga walisema achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Nami naongeza kwamba anayeshika mpini huku anamkumbuka Mungu hafi moyo pia.

Basi, wiki hii tujaribu mambo matatu, nayo ni ya mama yule. Asubuhi, kabla ya redio na kabla ya simu, omba kwa maneno machache uonyeshwe jambo moja la kufanya leo. Mchana, lifanye, hasa kama ni lile unalolikwepa: deni la kulipa, ndugu wa kupatana naye, mgonjwa wa kumtazama, kazi uliyoilipua ambayo inakupasa kuirudia. Jioni, jiulize mbele ya Mungu bila kujionea huruma wala kujitukana: je, leo kasia langu lilikuwa majini, au lilikuwa chini ya miguu yangu?

Mtauliza mtumbwi wetu uliishia wapi. Tulivuta mpaka jua likaelekea kuzama. Viganja vyangu vilichubuka hata sikuweza kushika kalamu wiki nzima. Tulipogusa mchanga wa Bumbire, watu walitaka kuruka na kukimbilia makwao. Yule mzee akawazuia. Akafunga kamba ya mtumbwi, akanawa mikono ziwani, akavua kofia yake, akanigeukia.

"Sasa, mwalimu," akasema, "fumba macho."

Nawatakieni wiki njema yenye kazi na baraka. Kwaherini.